Usinionyeshe Lukuga

Riziki mwanangu,

Watu wakiandika barua wanaanza kwa kuulizana uzima. Minye ni muzima, na weye najua uko muzima, sababu asubuhi nimekusikia unagombana na mudogo wako juu ya kamba ya kufungia valizi. Basi, hayo tumeyamaliza.

Umeenda Rugenge kumuaga shangazi yako. Najua hatakuachilia upesi. Atataka ule kwanza, halafu aombe, halafu akumbuke jambo lingine la kukuambia ukiwa umeshavaa viatu. Ndiyo nafasi yangu. Nimekaa hapa nyuma ya nyumba, jua limeshaegemea milima, ndakala za leo nimezianua, na mikono nimeinawa kwa sabuni ili karatasi yako isinuke samaki. Kama inanuka bado, vumilia. Kuandika si kazi yangu, unajua. Shule niliiacha darasa la tatu kule Lubarika, na herufi nilikuja kuzimalizia mu kwaya, kwa kunakili nyimbo. Kwa hiyo ukiona neno moja linarudi mara nyingi kama kiitikio, ndiko lilikotoka.

Ya chandarua sitaandika. Ya kuchemsha maji, ya kufunga mulango, ya vijana wenye maneno matamu, hayo yote unayajua, na mengine ni weye utakayekuwa unawafundisha wagonjwa wako. Ninataka kuandika juu ya jana.

Jana tulikuwa tunakunja vikwembe vyako, minye huku, weye huku, tunavivuta pembe kwa pembe. Ukasema, na ulikuwa na furaha nyingi usoni: "Mama, nikishuka tu mu boti, hata mizigo sijaiweka chini, nitaenda Lukuga. Nitakupigia video. Utaiona yote, utakuwa umemaliza." Nikakunja kikwembe kimoja, nikakifungua, nikakikunja tena. Halafu nikasema ninaenda kugeuza ndakala, nikatoka, na ndakala zilikuwa zimeshaanuliwa. Weye uliona. Ulikula bila kuniangalia. Na leo umemwambia baba yako, nimesikia kupitia ukuta, kwamba labda mama hafurahii safari hii ya kwenda kazini Kalemie, labda angependa uende Bukavu.

Mwanangu, ninafurahi. Ninafurahi mpaka ninaogopa. Lakini sitaki kesho uingie mu boti pale Kalundu na mawazo kwamba mama yako amekununia. Acha nikueleze neno lako lilinigusa wapi. Nitaanza mbali kidogo, weye nifuate tu.

Kule Lubarika shamba letu la mpunga lilikuwa linanyweshwa na mufereji, na mufereji ule ulikuwa unamaliza maji yake mu Ruzizi. Siku moja mwalimu alichora ziwa ubaoni, refu kama muhogo. Akachora mito inayoingia, huku na huku, mingi, kama mizizi midogo ya muhogo. Ruzizi akaiweka juu kabisa. Halafu akatuuliza: mito yote hii inaingia usiku na mchana, mbona ziwa halijai likatufunika? Mutoto mumoja wa nyuma akasema labda samaki wanayakunywa, darasa likacheka mpaka mwalimu mwenyewe akacheka. Ndipo akachukua chaki, akachora mustari mumoja tu unaotoka, upande wa magharibi, chini huku. Akasema: hapa ni Kalemie. Muto huu ni Lukuga. Mito ya kuingia haina hesabu, lakini ya kutoka ni huu peke yake. Kutoka hapo maji yanaenda kwenye muto mukubwa, na muto mukubwa unaenda baharini.

Riziki, sijui kwa nini neno lile lilinikaa. Wengine waliufuta ubao, wakaenda kucheza. Minye nilibaki ninaangalia mahali mustari ulipokuwa. Na msimu uliofuata mpunga ukazaa, ndege wakawa wengi, baba yangu akasema nisimame shambani niwafukuze, na shule ikawa imeishia hapo. Nilikuwa ninashinda peke yangu kwenye kile kibanda, ninapiga debe, na chini yangu mufereji unapita. Nilikuwa ninayaangalia maji yale, ninajua yanakoenda. Yatafika Ruzizi, yatafika ziwani, yatatembea ziwa lote, yatatafuta mulango mumoja, yatatoka. Nilikuwa ninayaonea wivu maji.

Nikaolewa, nikaja Uvira, nikaliona ziwa lenyewe. Weye umezaliwa nalo, huwezi kujua. Muntu wa Lubarika akiliona mara ya kwanza anafikiri dunia imeishia hapo. Baba yako alinionyesha: ng'ambo ile Bujumbura, huku Makobola, huku Baraka. Minye nikamwuliza Kalemie iko upande gani. Akanyoosha mukono kule kusini ambako hakuna kitu, maji tu na ukungu. Akaniuliza kama nina ndugu kule. Nikamwambia hapana, ninataka kuona ziwa linapotoka. Alinitazama kama muntu aliyeuziwa kitu bila kuelezwa vizuri. Kisha akacheka, akasema: "Kalemie haikimbie. Utaiona." Neno hilo nilikuwa nimelipenda sana, siku ile.

Pale tunapoanika, unawajua wale wamama na midomo yao. Siku za mvua, jua likikataa, tunakaa chini ya turubai la shitingi tunangoja, na hakuna kazi ila maneno. Siku moja Mama Furaha akatuuliza sote: kama kesho ukiambiwa uende popote unapotaka, utaenda wapi? Mumoja akasema Kanada kwa ndugu yake, ashike theluji, arudi upesi kabla haijamkausha vidole. Mwingine akasema Yerusalemu. Yule muzee tuliyekuwa tunamwita Mama Mukubwa akasema Bujumbura, tukacheka sana, sababu Bujumbura tunaiona. Akatuachia tucheke, halafu akasema: "Taa zake ninaziona tangu niliolewa. Ninataka kusimama chini ya moja tu, niangalie huku kwetu, nione na sisi tunaonekana namna gani." Akazikwa bila kuvuka, unakumbuka matanga yake.

Zamu yangu ilipofika nikasema Kalemie, pale Lukuga inapotoka. Mama Furaha akapiga makofi.

"Kuota ni bure, Mama Riziki, na weye unaota Kalemie? Ota hata Dubai, hakuna atakayekulipisha."

Tangu hapo msimu muzima waliniita Mama Kalemie. Hata wavuvi wakikaribia na ndakala walikuwa wanaita: Mama Kalemie, lete beseni.

Sasa ile safari ya kwaya. Weye ulikuwa mudogo lakini uliisha kuwa na maneno. Kanisa la Kalemie lilitualika, tukajiandaa muda murefu, tukashona kikwembe kimoja sote, kile cha bluu chenye ndege, na minye shati langu nililitia mikono ya kupepea kidogo sababu nilijua ninakwenda wapi. Siku ya safari tulishuka Kalundu tukiimba. Weye nilikuwa nimekushika mukono, baba yako amebeba kifurushi. Wamama walianza kupanda kwa ule ubao. Ubao wenyewe ulikuwa munene, watu walikuwa wanapita na magunia. Lakini kati ya ubao na boti niliona maji, meusi, yanapanda na kushuka. Nikaweka muguu mumoja. Wa pili ukakataa.

Hilo si siri, Uvira yote inajua. Minye ni mutoto wa mashambani, maji ninayapenda yakiwa mu mufereji. Walinivuta, walinitania, kiongozi wa kwaya akaniombea pale pale huku nahodha anapiga kelele. Miguu ikakataa. Na kwaya ilikuwa imepanga mistari yake, mustari hauwezi kuwa na pengo. Mama Furaha alikuwa amekuja kutusindikiza tu, na nyimbo alikuwa anazijua sababu tunaimba tukianika. Basi wamama wakatuzungushia vikwembe kama ukuta, minye nikavua, yeye akavaa. Shati likagoma kifuani, wakafungua mishono palepale kwa wembe. Minye nikavaa nguo zake, ambamo ningeweza kuingia mara mbili. Boti ikaondoka. Weye ukaniuliza: "Mama, nguo yako inaenda wapi?" Baba yako akaangalia pembeni ili asicheke.

Ilirudi ile nguo, akarudi na Mama Furaha. Nguo ilikuwa na muchanga ndani ya upindo. Niliifua, muchanga ukabaki chini ya beseni, nikakaa ninauangalia, sikutaka kuumwaga. Na Mama Furaha, desturi yetu unaijua, aliyetembea analazimika kuwasimulia waliobaki. Alikuja kila jioni. Alinieleza soko, alinieleza kanisa, alinieleza chakula mpaka jinsi vitunguu vilivyokatwa. Na Lukuga, mwanangu. Alisema inatoka kwa nguvu, inaunguruma, muntu akisimama mbali bado anaziba masikio. Nilimfanya arudie. Na minye nilikusimulia weye, na weye ulikuwa unanguruma kwa mudomo, vuuuu, unakimbia kuzunguka nyumba, weye ni Lukuga, mudogo wako ni samaki.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hili sikulijua kuwa ni kosa kwa miaka mingi. Nilishiba. Mama Furaha alikuwa ametafuna, minye nikashiba. Wageni wakipita pale tunapoanika, wakitaja Kalemie, nilikuwa ninaingilia: ah, Kalemie, pale Lukuga inapounguruma. Wakiniuliza nilikaa kule muda gani, nilikuwa ninageuza ndakala. Na kwaya ilipoalikwa mara ya pili, weye ukiwa umeanza sekondari, wamama walikuja mpaka hapa nyumbani. Walisema mara hii Mama Riziki ni wa kwanza, tutakufunga kitambaa machoni tukupandishe. Unajua niliwajibu nini? Niliwaambia: "Kalemie minye ninaijua. Nafasi yangu mumpe ambaye hajafika." Nilisema hivyo, Riziki, na sikuwa ninatania. Wakatazamana, wakaondoka. Baba yako alibaki ananiangalia, kisha akasema lile neno lake, kwamba Kalemie haikimbie. Nikalilalia kama muto wa kitanda.

Halafu ule mwaka ziwa lilipopanda. Hilo unalikumbuka vizuri, ulibeba masufuria kichwani, maji yamekufika magotini. Yalianza kwa kulamba kizingiti tu, tukasema yatarudi. Yakaingia ndani, vyura wakalia chini ya kitanda. Wanaume walisimama njiani wanaeleza: huko Kalemie mulango umezibika, matope na matete yamejaa, ndiyo maana. Nikawauliza nani ameenda kuona. Wakaniangalia. Hakuna aliyeenda, wote walikuwa wamesikia. Tulipokuwa tunahamia huku Songo nilikuwa nimeikasirikia Lukuga kama ndugu asiyepokea simu. Nikajiambia, mulango wa ziwa hili ninausema tangu utoto wangu, na leo ziwa limenitoa nyumbani, na bado siujui. Lakini kulikuwa na nyumba ya kujenga, na weye una masomo. Nikasahau tena.

Sasa sikiliza jambo ambalo sikukuambia. Miezi si mingi imepita, kabla barua yako ya kazi haijafika. Alikuja mama mumoja kununua ndakala, akiwa anangojea boti ya kumrudisha kwao. Akasema yeye ni wa Kalemie, amezaliwa karibu na Lukuga. Minye, kwa kujionyesha, nikamwambia: ah, pale inapounguruma. Akaacha kuchagua ndakala.

"Inaunguruma? Mama, Lukuga haiungurume. Inatoka polepole. Huwezi hata kujua ziwa limeisha wapi. Sisi tukiwa batoto tulikuwa tunabishana: huyu anasema hapa ni ziwa bado, mwingine anasema hapana, hapa ni muto."

Alitaka kuendelea. Nikamwambia inatosha, mama, usiniambie tena. Akashangaa. Nikamjazia matabishi, mikono miwili juu ya kipimo chake, ili asione kwamba nimemfukuza, na nilimtazama akienda mpaka alipopotea.

Jioni nikaenda kwa Mama Furaha. Alikuwa anamenya muhogo mbele ya nyumba. Sikukaa.

"Weye uliniambia inaunguruma."

Hakuniuliza ni nini. Aliweka kisu chini, akacheka mpaka machozi. "Mama Riziki, sikufika hata. Tuliimba, tukala, tukalala, tukaimba tena. Niliona maji kwa mbali tukiwa juu ya gari, na muntu akasema ni ile. Lakini weye ulikuwa umekaa mbele yangu na yale macho. Ningekuambia nini? Nikakupatia kelele kidogo."

Nikacheka na minye. Tulicheka mpaka watoto wake wakatoka kuangalia. Akanipa muhogo wa kubeba. Lakini nilipokuwa ninapanda kurudi huku, nilisimama njiani, na moyo ulikuwa unanienda kama wa musichana. Sikuwa na hasira. Ilikuwa hivi: unafikiri wamekula chakula chote, umeshalala na njaa yako ukaizoea, halafu unaingia jikoni unakuta sufuria bado imefunikwa. Lukuga ilikuwa haijaguswa. Hakuna aliyeniletea. Ilikuwa kule, inatoka bila kelele, kama siku ile mwalimu alipoichora, na minye sikuwa nimeiona hata kidogo. Hamu ilinirudia yote. Nilikuwa sijui kwamba nimeipoteza, na furaha ya kuipata tena sikuweza kumweleza muntu. Nilipika ule muhogo nikauunguza, mukalalamika.

Ndiyo maana jana uliposema "utakuwa umemaliza", nilisikia kama muntu anataka kufunua sufuria kabla sijakaa. Si kosa lako. Weye ulikuwa unanipa zawadi. Lakini ninajijua. Ukinionyesha mu simu, nitaangalia, nitasema asante mwanangu, nitawaita majirani waje waone. Kesho yake nitawaambia wageni ninaijua. Nitashiba tena. Na mara hii sitapata wa kuniambia kwamba sikula, sababu nitakuwa nimeona kwa macho yangu, mu kioo kidogo kile kilichopasuka pembeni. Nitazeeka nimeshiba kitu ambacho sikukionja. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko ule ubao wa Kalundu.

Na kuna lingine. Nimelifikiri leo nikiwa ninageuza ndakala, za kweli safari hii.

Ulipokuwa na kazi ya Bukavu mukono huu na ya Kalemie mukono ule, hukukaa hata kufikiri. Ulisema Kalemie. Minye nilifurahi sana, nilicheza mbele ya baba yako. Halafu furaha ikaanza kuniuliza maswali. Nikakumbuka siku moja ulirudi shuleni, bado mudogo, umevaa soksi moja. Ukaniuliza: "Mama, ni kweli maji ya bahari iko na chumvi? Minye nitaenda kuonja." Na minye nikakujibu, bila kuinua kichwa: "Kwanza Kalemie." Na bahari hukuitaja tena, sijaisikia mudomoni mwako mpaka leo. Nilikuwa nimejaza nyumba yote na Kalemie yangu, yako ikakosa pa kukaa. Sikuwahi hata kukuuliza uliisikia wapi hiyo chumvi, nani alikuambia, ulifikiri ina ladha gani.

Nakuuliza sasa, kwa kuchelewa. Usinijibu mbele ya baba yako na mudogo wako, kesho kutakuwa na kelele. Nijibu siku nyingine. Unataka kufika wapi, weye? Kama ni Kalemie kweli, sawa, kaa, fanya kazi, upende watu wake. Lakini kama uliichagua kwa ajili ya macho yangu, kama Mama Furaha alivyonipatia kelele kwa ajili ya macho yangu, basi usikae kule kunilindia mulango. Ukiona moyo haukai, niambie: mama, Kalemie hapana. Sitalia. Ao nitalia kidogo, halafu nitapika. Mutoto kuishi mahali ambapo mama yake alitaka kufika ni muzigo, na muzigo huo haufungwi mu valizi, ndiyo maana muntu hauoni.

Asubuhi, weye ukiwa unaoga, niliongea na baba yako. Alikuwa ananoa randa yake. Nikamwambia kiangazi kikija nitapanda boti niende kwa Riziki. Bila kuinua macho akasema: "Kalemie haikimbie." Nikamwambia: "Papa Riziki, neno hilo ulinipa nikiwa bibi arusi. Nakurudishia." Akaweka randa chini. Akauliza nitapandaje, na ile miguu yangu. Nikamwambia nitafumba macho mpaka Makobola, nikifungua tutakuwa tumefika mbali, nitaogopa kurudi kuliko kwenda. Akauliza nani atageuza ndakala. Nikamwambia weye. Akachukua randa akaendelea, na unajua baba yako akikubali jambo ndivyo anavyosema ndiyo.

Basi nina ombi moja kwako, lile la jana ulilipokea kwa kunyamaza kwangu, leo ulipokee kwa maneno. Usinionyeshe Lukuga. Uende, sikukatazi, uende siku ya kwanza kama ulivyosema, uende na wenzako wa kazi, ufue pale, ukae pale na muntu unayempenda kama atapatikana. Pendezwa nayo ao ikuchoshe. Lakini usinipigie video, usinitumie picha, usinieleze ni pana ama ni nyembamba, maji yake ni ya rangi gani. Na nitakuuliza. Ninajijua, nitakuuliza kwa ujanja, nitasema, hivi huko matete ni mengi? Weye sema rezo mbaya, mama, nasikia vibaya, ukate. Nitakasirika jioni ile na asubuhi nitakushukuru.

Nieleze mengine yote. Nieleze nyumba yako inavuja wapi, mukubwa wako wa kazi ana hasira gani, mutoto wa kwanza kuzaliwa mikononi mwako wamemwitaje. Ukisikia upweke, usinifiche, nami sitakuficha. Kitanda chako mudogo wako ameshaanza kukipima kwa macho, nimemwambia angoje hata boti ipotee kwanza.

Kiangazi nitakuja. Unipokee pale kwenye ubao unishike mukono, sababu miguu itakataa tena, na safari hii ikikataa nitakuwa ninashuka, itabidi ikubali tu. Unipeleke kwako. Unitembeze soko, kanisa, mahali unapofanyia kazi, uwaambie huyu ni mama yangu, ametoka Uvira. Huko kote utangulie weye, minye nitakufuata kama mugeni, sitakufundisha kitu, nitajaribu.

Halafu siku moja twende pale. Usinieleze njia. Tukikaribia mahali ambapo watoto wanabishana kama bado ni ziwa ao tayari ni muto, uniachilie mukono, nitangulie. Nisimame niangalie namna linavyotoka. Sijui nitakaa kiasi gani, usinihimize.

Nikiisha kuona, nitasogea kando. Weye upite, hata mpaka kwenye chumvi.

Ni minye mama yako.